Ushauri: helmeti ya baiskeli ya milimani inanicheza kichwani na safari ya Lushoto imekaribia

Pedali Taratibu (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, bila matusi tafadhali. Mimi na wenzangu wa baiskeli hapa Dar tunakwenda Lushoto mwisho wa mwezi, tupite njia za msituni Magamba, tuteremke hadi Irente. Kiongozi wa msafara kasema asiye na helmeti inayomkaa abaki kulinda mabegi. Ninayo, tena nzuri, ila inacheza. Nikiinama inakuja machoni. Nikibana kile kigurudumu cha kisogoni, kichwa kinagonga kabla sijafika Pugu. Niweke sponji, au ninunue nyingine? Na hiyo nyingine nitajuaje kama ni saizi yangu?

Siti ya Mbele:
Ngoja wajuzi waje.

Fundi Spoku:
Mkuu, kichwa chako ni sentimita ngapi? Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi na ipite pale kisogo kilipojitokeza zaidi. Tafuta namba hiyo kwenye kibandiko cha ndani, achana na S na M, maana kila kampuni ina M yake.

Ukiivaa ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi, usiisukume nyuma kama bwana harusi. Kabla hujafunga mkanda tikisa kichwa: ngozi ya paji ikienda nayo, sawa; ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Kigurudumu ni cha kumalizia tu, hakigeuzi helmeti kubwa kuwa ndogo. Mikanda ikutane chini ya sikio, kidevuni ibaki nafasi ya kidole kimoja au viwili, na ukipiga miayo usikie inavutwa chini. Ikikuuma pajini huku pembeni pana nafasi, hapo shida ni umbo. Kuna helmeti za vichwa vya duara na za vichwa virefu, kwa hiyo jaribu aina nyingine.

Ya milimani inashuka zaidi kisogoni na ina kikinga jua mbele. Zile za kufunika kidevu ni za wanaoteremka kwa kasi, kwa kupanda Magamba utaiva humo ndani.

Mzee Swala:
Vijana mna mambo. Sisi tulikuwa na baiskeli za Swala za kiwanda cha NABICO, baadaye Phoenix, unapakia gunia la mpunga na mke juu yake, breki ni kandambili. Nimeanguka daraja la Isaka na baiskeli, gunia na jogoo. Jogoo ndiye aliyekufa. Hatukujua helmeti na tupo.

Binti Msambaa:
Mzee wangu shikamoo. Waliokufa hawana akaunti humu.

Mama Wawili:
Mtu mzima unakwenda kuteremka mlima kwa kutaka mwenyewe? Hiyo hela kalipie watoto ada. Sisemi zaidi.

Boda wa Tegeta:
Chukua elementi ya boda uondoke. Mambo mengi ya nini.

Fundi Spoku:
Ya boda ni nzito na haipitishi hewa, mpanda mlima atazimia kabla ya kuanguka. Mleta uzi, nimekuuliza sentimita.

Pedali Taratibu:
Inategemea. Mara 59, mara 67.

Binti Msambaa:
Kaka, kichwa kinavimba?

Pedali Taratibu:
Sikuona umuhimu wa kusema, ila nina dredi. Za miaka mingi, nazifunga utosini. Na kabla hamjaanza: sizikati.

Fundi Spoku:
Hakuna aliyekuambia ukate. Lakini hesabu hazikubali. Mwenye kifurushi utosini helmeti humkalia juu, haimchezi. Yako imepata wapi nafasi ya kucheza?

Pedali Taratibu:
Mwanzo ilikuwa haiingii kabisa. Niliipata mtumba, ina kibandiko cha EN 1078, kile kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, bado safi. Nikatoa ile ngozi ya plastiki ya njano iliyokuwa ndani, halafu nikakwangua lile povu jeupe kwa kisu cha jikoni, kidogo tu, kama unene wa kidole. Ikaingia vizuri. Ila nikifunga nywele nyuma ndiyo inacheza. Nje haionekani chochote wakuu, ganda liko zima.

Fundi Spoku:
Nimekaa chini kwanza.

Povu ndiyo helmeti yenyewe. Kazi yake ni kubonyea ili kichwa kisisimame ghafla, na likishabonyea halirudi, ndiyo maana helmeti iliyoanguka na mtu vibaya haitumiki tena. Ganda la nje ni la kushikilia tu. Wewe umepunguza povu palepale utosini. Na hiyo ngozi ya njano ni MIPS, inaruhusu helmeti iteleze milimita chache ukipiga chini kwa pembeni, ubongo usizungushwe. Ulikuwa na mali, ukaila kwa kisu.

Pedali Taratibu:
Sasa mkuu unene wa kidole ndiyo nini? Nimenunua elfu 45. Nikijaza sponji si nafidia?

Binti Msambaa:
Sponji haifidii, inabonyea hata kwa kidole. Mimi nina rasta na naendesha: zifunge chini kabisa usawa wa shingo, mkia upite chini ya kigurudumu. Pima hivyo hivyo zilivyofungwa. Kuna XL zinazofika 65.

Mpekuzi Mkuu:
Samahani, hii ni chai. Mleta uzi huyu huyu mwaka jana alifungua uzi "Msaada, dawa ya upara, utosi umeisha". Leo ana dredi za miaka mingi?

Siti ya Mbele:
Hahahaaa, dredi zimeota kwa hamira.

Boda wa Tegeta:
Nilijua tu. Subirini, kesho anatangaza anauza helmeti.

Pedali Taratibu:
Ule uzi nilimuulizia shemeji yangu, hana akaunti.

Mpekuzi Mkuu:
Uliandika "mimi".

Mzee Swala:
Mwanangu, hiyo dawa ilimsaidia shemeji? Nijibu kule kwenye ujumbe binafsi.

Fundi Spoku:
Awe na upara awe na dredi, povu ni lile lile. Anayesoma asikwangue.

Pedali Taratibu:
Nimefunga chini kama dada alivyosema, nimepima, 60. Jumamosi naingia Kariakoo na futi mfukoni. Hii ya zamani nampa mtoto wa shemeji, yeye anazunguka mtaani tu.

Binti Msambaa:
Mtoto usimpe! Kata mikanda, uitupe.

Boda wa Tegeta:
Kabla hujaitupa, unaiachia kwa ngapi?