Nimeahidiwa "mwaka huu" mara nne, sasa nisubirije?

Anayengoja: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi na mume wangu tumo katika mwaka wa tisa wa ndoa na hatujajaliwa mtoto. Bado naomba na bado nafunga. Kinachonisumbua ni kwamba mara nne, katika miaka minne tofauti, nimewekewa mikono na kuambiwa kwamba mwaka hautakwisha kabla sijapakata, na mara zote nne mwaka umekwisha mikono ikiwa mitupu. Baada ya ahadi ya kwanza nilifuma sweta dogo la manjano. Limehama kutoka droo ya juu hadi ya kati, na sasa liko chini kabisa, chini ya mashuka tusiyoyatumia. Ninapoambiwa kwamba wakati wa Mungu ndio wakati sahihi, naitikia amina kwa mdomo, ila moyoni najiuliza kama neno hilo ni la kunifariji au la kuninyamazisha. Mtu huuaminije wakati asioujua?

Mzee wa Zamu: Pole sana, binti yangu. Nianze na hizo ahadi nne, maana nadhani zimekuumiza kuliko miaka yenyewe. Soma Yeremia sura ya 28 na ya 29 kwa mfululizo. Hanania alitangaza hekaluni kwamba waliochukuliwa mateka Babeli wangerudi katika muda wa miaka 2, na Yeremia mwenyewe akaitikia amina, kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo. Lakini neno la kweli lilikuwa miaka 70, na yule aliyetaja muda mfupi ndiye aliyekuwa mwongo. Kwa hiyo ahadi ya binadamu isipotimia, usimdai Mungu. Tazama pia barua ambayo Yeremia aliwaandikia mateka hao, katika sura ya 29, ilivyowaagiza: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, wauombee amani mji waliopelekwa. Hawakuambiwa waishi wakiwa wamekalia mizigo iliyofungwa, kama ninavyohofu kwamba wewe unaishi.

Dada Mkubwa: Nakubaliana na mzee, ila nina neno ambalo pengine halitampendeza kila mtu. Miaka 70 maana yake ni kwamba wengi waliosomewa barua ile walizikwa Babeli. Tunapenda kumtaja Ibrahimu, aliyetoka Harani akiwa na miaka 75 akampata Isaka akiwa na miaka 100, kwa sababu habari yake ina mwisho mtamu; ni mara chache tunakumbuka kwamba alipokuwa na miaka 86 alikuwa amekwisha kumpata Ishmaeli kwa Hajiri, baada ya yeye na Sara kuchoka kungoja. Tena Waebrania 11 inasema waziwazi kwamba wapo waliokufa katika imani bila kuzipokea ahadi. Mdogo wangu, mimi nilingoja mpaka umri wa kuzaa ukanipita. Iko miaka ambayo sala yangu yote ilikuwa "hata lini" ya Zaburi ya 13, maneno ambayo mtunzi anayarudia mara 4 katika aya 2 za mwanzo, na sikuwahi kuhisi kwamba Mungu amechoka kunisikiliza.

Mkunga Mstaafu: Je, mmepimwa wote wawili? Nauliza kwa sababu nimeona wake wengi wakizunguka hospitali peke yao kwa miaka, ilhali tatizo linaweza kuwa kwa mume, au kwa wote wawili. Kwa kawaida wenzi hushauriwa kuanza uchunguzi baada ya miezi 12 ya kujaribu bila mafanikio, au mapema zaidi ikiwa mke amevuka miaka 35. Anayekwenda kupimwa hajamwacha Mungu.

Anayengoja: Nawashukuru wote. Shikamoo, mzee. Mume wangu hajawahi kupimwa, kwa kuwa tuliogopa kuonekana tumepungukiwa na imani. Jana usiku nilimsomea majibu haya. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi. Dada, jibu lako nililisoma mara tatu na nililia, lakini si kwa uchungu niliouzoea. Sweta nimelitoa chini ya mashuka, nikalifua, nikalianika. Bado sijajua nitalirudisha droo ipi.