Mada: Waroma wapewe mikopo ya biashara, au wapewe kazi kwanza?

Mtoa mada (Miskolc, Hungary)

Wanajamvi, habari za saa hizi.

Huku kaskazini-mashariki mwa Hungary haupiti muda bila kusikia mradi mpya wa fedha za Umoja wa Ulaya wa kuinua uchumi wa Waroma, na mara nyingi mradi wenyewe ni ule ule: semina ya ujasiriamali, cheti, mkopo mdogo kwa wachache, picha ya pamoja, kwaherini. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupiga aupige. Mtu hana kipato, anadaiwa, na majirani zake wote hawana hela ya kununua anachouza. Ukimpa huyo mkopo wa biashara umemwongezea deni. Apewe kwanza kazi ya mshahara. Biashara itafuata kwa anayeiweza.

Kwa wasiowafahamu: Waroma asili yao ni kaskazini mwa India, waliingia Ulaya karne nyingi zilizopita, na leo wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 12 barani humo. Wallachia na Moldavia, yaani sehemu kubwa ya Romania ya leo, waliwashika utumwani mpaka katikati ya miaka ya 1850. Wanazi wakawaua kwa maangamizi. Sasa tazama hali yao ya karibuni. Utafiti wa mwaka 2021 wa Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya, katika nchi 10, ulikuta Waroma 80 katika kila 100 wako katika hatari ya umaskini; wastani wa Umoja ulikuwa 17. Wenye kazi ya malipo, umri wa miaka 20 hadi 64, walikuwa 43 kwa 100. Wastani wa Umoja ulikuwa 72. Na haya ni baada ya Muongo wa Ujumuishaji wa Waroma, 2005 hadi 2015, uliozinduliwa kwa mbwembwe zote pale Sofia.

Mtaani hapa watakwambia ni utamaduni, hawa watu kazi hawaitaki. Tusidanganyane. Mwaka 1971 mtafiti István Kemény alifanya utafiti wa Waroma wa Hungary, akakuta wanaume wa umri wa kufanya kazi takriban 85 kwa 100 wako kazini, karibu sawa na Wahungary wengine. Utafiti uliporudiwa mwaka 1993, waliobaki kazini hawakufika 30 kwa 100. Utamaduni gani huo unaogeuka ndani ya miaka 22? Kilichoondoka ni viwanda vya chuma vya Ózd na Diósgyőr, migodi, na kampuni za ujenzi zilizokuwa zikiwasomba vibarua kwa treni hadi Budapest. Mambo yalipoporomoka baada ya ukomunisti kuanguka mwaka 1989, wa kwanza kuonyeshwa mlango walikuwa wasio na elimu wala ujuzi wa cheti. Romania kisa ni hicho hicho, ila cha shambani. Mashamba ya ushirika yalivunjwa, Sheria Na. 18 ya mwaka 1991 ikarudisha ardhi kwa waliokuwa nayo zamani na warithi wao. Mroma aliyelima ushirika maisha yake yote, lakini babu yake hakuwahi kumiliki hata kona ya shamba, mara nyingi alitoka mikono mitupu.

Serikali ya Hungary ilikuja na jibu lake, közmunka, yaani kazi za umma: kufagia, kukata nyasi, kuzibua mitaro. Mwaka 2016 walikuwamo zaidi ya watu 200,000, na Waroma ni wengi humo. Mwaka 2022 malipo yake yalikuwa forinti 100,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakati kima cha chini cha mshahara nchini kilikuwa 200,000. Nusu kamili. Vijijini mwenye usemi wa nani aingie ni meya, kwa hiyo ukimkera meya mwezi ujao unalala njaa. Hiyo siiti kazi, ni posho yenye fagio. Ninaposema kazi nina maana ya mkataba, kima cha chini, likizo na bima.

Na mikopo ilijaribiwa. Mradi wa Kiútprogram ulianza kukopesha hapa Hungary mwaka 2010 kwa mtindo wa Grameen Bank, ile benki ya mikopo midogo ya Bangladesh: vikundi, wanachama kudhaminiana, afisa anawafuata majumbani. Sisi wa VICOBA na vikundi vya marejesho ya kila wiki tunaujua vizuri mtindo huo. Lakini Hungary si Bangladesh. Mkopaji lazima asajili biashara, akishasajili anadaiwa michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi, auze asiuze, na posho yake ya serikali inakuwa hatarini. Baadaye mradi ukaelekea kwenye kilimo cha matango madogo yale ya kusindika kwenye chupa, na mtaalamu wa kilimo anazitembelea familia shambani. Kwangu mimi kilicho muhimu hapo ni kwamba ni zao lenye mnunuzi tayari.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Slovakia, kijiji kinaitwa Spišský Hrhov. Vladimír Ledecký alipochaguliwa meya mwaka 1998 hakuanza na semina. Kijiji kilianzisha kampuni yake, kikaajiri watu wasio na kazi, Waroma na wasio Waroma, wakatengeneza matofali ya kutandaza njia, wakakarabati majengo ya kijiji. Hela iliyokuwa ikienda kwa mkandarasi wa mjini ikabaki kijijini kama mshahara. Mzungu asiye Mroma anayemwona jirani yake Mroma akitandaza tofali mbele ya nyumba yake kila asubuhi huanza kumsalimia kwa jina, na hilo hakuna semina inayolileta.

Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, mada nzuri ila swali langu ni moja. Kwa nini Waroma peke yao? Maskini wa kijiji hicho hicho ambaye si Mroma akiona gari la mradi linapita mlango wake kila siku, unategemea akampende jirani yake? Hii ya kugawa fedha kwa kundi tunaijua huku. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nia njema kabisa. Mwaka 2023 serikali ikaisimamisha ijipange upya kwa sababu vikundi hewa vilikuwa vimeshatafuna. Ukiweka fedha kwa jina la kundi, watajitokeza wenye kulitumia jina.

Mtoa mada

Mkuu wa Mwanza, hapo umegusa penyewe. Umoja wa Ulaya una kanuni zake 10 za mwaka 2009 kuhusu ujumuishaji wa Waroma, na mojawapo inasema mradi uwalenge waziwazi bila kuwafungia wengine nje. Ni nzuri kwenye karatasi. Shida inayoonekana ni kinyume cha unayoiogopa: usipowataja kabisa, meya atachukua fedha za "maeneo duni" atengeneze uwanja mbele ya ofisi yake, na mtaa wa Waroma nje ya kijiji ubaki na bomba moja la maji.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, nakupinga, tena kwa hoja. Wazungumza kana kwamba Mroma hajui biashara mpaka aajiriwe kwanza. Hebu waulize Wagabor wa Transylvania, Romania. Hao ni Waroma, mafundi bati wa kupigiwa mfano, mifereji ya maji ya mvua kwenye mapaa ya Romania na Hungary wameifunga wao, na wengine ni wafanyabiashara wakubwa wenye kofia pana na masharubu. Hakuna halmashauri iliyowaajiri. Wakalderash nao, kundi jingine la Waroma, sufuria na mitungi ya shaba ya kukamulia pombe ya matunda ndiyo kazi yao vizazi na vizazi. Kule Hispania, Wagitano, yaani Waroma wa huko, wengi hula kwa kuuza nguo kwenye magulio. Na Šuto Orizari, kule Skopje, Macedonia Kaskazini? Mji uliokua baada ya tetemeko la 1963, wengi wa wakazi ni Waroma, meya Mroma, na soko lake watu wa mji mzima huenda kununua.

Watu hawa wamefukuzwa kila mahali kwa mamia ya miaka, wakaishi kwa ujuzi wa mikono. Wewe sasa wamwambia mjukuu wa mfua shaba aende akatandaze matofali ya meya. Kibarua ni kibarua. Meya mwema akiondoka na kazi imeondoka naye.

Mchangiaji, Brno (Jamhuri ya Czech)

Natia neno kuhusu kitu ambacho hamjakitaja na ndicho kinachoua ajira na biashara pamoja. Madeni.

Huku Czech, na Slovakia ni hivyo hivyo, mtu alipanda basi la mji bila tiketi akiwa kijana, hakulipa faini, au alichelewa bili ya umeme. Deni likauzwa, likapelekwa kwa dalali wa mahakama, gharama na riba zikapanda mpaka kile kideni cha mwanzo hukioni tena. Siku akipata kazi ya mkataba, barua inakwenda moja kwa moja kwa mwajiri: kata mshahara wake. Anabakiwa na kiasi kidogo cha kisheria. Sasa fikirieni kwa hesabu ya kawaida. Akifanya kibarua cha kulipwa mkononi anapata zaidi kuliko akisaini mkataba. Mwajiri naye hataki makaratasi ya dalali, anamwambia tuelewane bila mkataba. Halafu tunaandika ripoti kwamba Waroma wanapenda kazi zisizo rasmi!

Na biashara ndiyo kabisa. Ukifungua akaunti inashikwa. Kinachobaki ni mkopeshaji wa mtaani, ambaye Tanzania mnamwita kausha damu. Yuko kila makazi, anajua siku ya posho, anasubiri nje ya posta.

Kitu kilichosaidia kidogo ni sheria inayoitwa Milostivé léto. Kuanzia tarehe 28 Oktoba 2021 kwa miezi mitatu, aliyedaiwa na taasisi ya umma alilipa deni la asili pamoja na koruna 908 za dalali, riba na gharama nyingine zikafutwa. Watu walipanga foleni. Ikarudiwa mwaka 2022. Lakini haikugusa deni la kampuni binafsi za mikopo.

Mtoa mada

Mkuu wa Brno, hili lingepaswa kuwa mwanzo wa mada. Nakubaliana nawe kiasi cha kusema kwamba afisa wa mradi yeyote, wa kazi au wa mkopo, aanze na orodha ya madeni ya mtu kabla ya kumuuliza anataka kufanya nini.

Mchangiaji, Dodoma

Jamani, mbona hadi sasa ni matofali, bati na chuma tu? Nimefanya kazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa hiyo niseme la kina mama. Utafiti huo huo wa 2021 alioutaja mtoa mada unaonyesha wanaume wa Kiroma wenye kazi ni 58 kwa 100, wanawake ni 28. Pengo ni kubwa kuliko la Waroma na wengine.

Slovakia kuna taasisi chini ya wizara ya afya, Zdravé regióny, inayoajiri wasaidizi wa afya kutoka humo humo makazini. Anajua nani ana mimba, nani hajampeleka mtoto chanjo, anakwenda naye kliniki, anamsemea kwa daktari. Romania waliianza kazi hiyo ya wapatanishi wa afya zamani zaidi, ikaingizwa kwenye mfumo wa wizara mwaka 2002, na wengi wao ni wanawake wa Kiroma. Hiyo ni ajira yenye mkataba, haihitaji mtaji, na mama hatembei mbali na watoto. Kwa nini haitajwi tukisema uwezeshaji? Kwa sababu haionekani kwenye picha ya uzinduzi kama cherehani.

Mchangiaji, Mombasa

Bi mkubwa wa Dodoma, hapo nimekupa. Mtoa mada bado hujanijibu. Umesema kazi kwanza. Kazi ipi? Ózd kiwanda kimekufa, wewe mwenyewe umesema. Nitajie mwajiri, nitanyamaza.

Mtoa mada

Swali la haki. Wagabor nakupa, lakini ni kundi dogo lenye ufundi, wateja na ukoo unaokopeshana. Asiye na hayo matatu humfikii kwa kumtolea mfano wao. Na uliposema meya akiondoka na kazi imeondoka, ni kweli, hilo ndilo tundu la Spišský Hrhov, sina pa kulizibia kwa kijiji kimoja kimoja.

Mwajiri ni zabuni. Umoja wa Ulaya unalipia barabara, shule, mabomba ya maji na ukarabati wa nyumba katika mikoa hii hii, na mkandarasi anakuja na watu wake kutoka mbali. Iwekwe sharti ndani ya mkataba: sehemu ya vibarua watoke kwa wasio na kazi wa hapo, kwa mkataba na kima cha chini, la sivyo malipo yanazuiwa. Slovakia wamewahi kulijaribu sharti la namna hiyo kwenye miradi ya ujenzi. Kibarua akimaliza na ujuzi wa kupiga lipu au kufunga mabomba, na dalali ameshalipwa, hapo njoo na mkopo wako, nami nitamsindikiza benki.

Mchangiaji, Mombasa

Na mkandarasi akiandika majina kwenye karatasi, kazi akafanya na watu wake, nani wa kumkagua? Meya yule yule?

Mchangiaji, Brno

Wapatanishi aliowataja dada wa Dodoma. Wanamjua kila mtu makazini kwa jina. Wapewe orodha ya malipo ya mkandarasi waipitie nyumba kwa nyumba.