Kupoza maji ya kuku kwa umeme wa jua: friji, pampu, feni au mtungi?

Mfugaji wa Goba aliandika:

Wadau wa ufugaji, habari za majukumu. Ninafuga kuku wa mayai 120 nyuma ya nyumba, hapa Goba, Dar es Salaam, katika banda la matofali lenye wavu pande mbili na paa la bati. Tangu Desemba nimekuwa nikipima joto la maji yao, na wiki iliyopita, saa nane mchana, maji yaliyotoka kwenye chuchu ya mwisho ya bomba la kunyweshea (kitundu ambacho kuku hudonoa ili maji yatoke) yalikuwa nyuzi 39, ilhali hewa ya nje ilikuwa nyuzi 32. Kuku wanalisogelea bomba, wanadonoa mara moja au mbili, kisha wanarudi kusimama wakiwa wametanua mabawa na kutweta. Trei tatu za kila siku zimeshuka hadi mbili na mayai machache, na maganda mengine yanabonyea mkononi.

Chanzo cha joto lenyewe ninakifahamu. Simtanki jeusi la lita 500 liko juu ya mnara upande wa magharibi, na bomba jeusi la nusu inchi linatambaa juani mita 9 kabla ya kuingia bandani. Kinachonitatiza ni dawa yake. Nina paneli ya wati 100 iliyobaki tulipobadilisha mfumo wa taa za nyumbani, ndiyo maana mawazo yangu yameelekea kwenye umeme wa jua. Nimefikiria friji ndogo ya kugandishia chupa za maji, pampu ya kuzungusha maji kupitia pipa lililofukiwa ardhini, feni ya kupepea banda, na hata mitungi ya udongo kama ile ya bibi. Dada yangu anayeishi Minnesota ananicheka, kwa kuwa yeye anatafuta paneli ya namna hiyo hiyo ili maji ya kuku wake yasigande. Naomba aliyewahi kujaribu mojawapo ya njia hizi anieleze ilimfikisha wapi, hata kama ilimshinda.

Mama wa Chanika aliandika:

Pole sana, kaka. Kabla hujanunua hata waya, anza na kivuli. Mimi nililijengea tanki langu kibanda cha makuti, nikalifukia bomba kiasi cha mkono mmoja kwenda chini, na sehemu isiyofukika nikaizungushia magunia na kuipaka chokaa. Baada ya hapo, saa tano, saa saba na saa tisa mchana, ninafungua koki iliyo mwisho wa bomba la kunyweshea na kuacha maji yaliyolala humo yatoke mpaka yaje ya baridi. Hayo yanayotoka hayapotei, kwa sababu yanaelekea kwenye tuta la mchicha. Wengi wetu hulaumu tanki, lakini maji yanayokaa ndani ya bomba jembamba lililo karibu na bati hupata joto la banda katika muda mfupi, hata kama tanki lenyewe ni la baridi. Nina kuku 80 na sijawahi kuhitaji pampu.

Fundi wa Jua, Tabata aliandika:

Ninaunga mkono hoja ya kivuli, na ninaongeza hesabu, kwa kuwa wateja wengi hunijia wakitaka paneli ifanye kazi ambayo haina uwezo nayo.

Tuanze na friji. Kuku 120 katika joto hili wanaweza kunywa takriban lita 50 kwa siku. Kushusha lita 50 kutoka nyuzi 36 hadi 24 ni kuondoa joto la kilojuli 2,500 hivi, na ukitaka kuliondoa kwa barafu utahitaji chupa nne za lita moja na nusu zilizoganda sawasawa kila siku. Kila chupa inatakiwa itolewe joto la kilojuli karibu 700 ili itoke nyuzi 30 na kuwa barafu. Ukiingiza upotevu wa friji yenyewe, mlango unaofunguliwa na betri isiyorudisha kila ulichoipa, paneli ya wati 100, ambayo kwa siku ya jua zuri hapa Dar es Salaam hutoa wati-saa 350 hadi 400, haitoshi. Utahitaji paneli mbili au tatu, betri na kidhibiti chaji, halafu maji uliyoyapoza yaingie kwenye bomba lililo chini ya bati na kupata moto upya. Kama friji ya nyumbani ina nafasi, gandisha chupa humo siku za dharura, lakini usinunue friji kwa ajili ya kuku.

Pampu ni jambo jingine kabisa. Pampu ya wati 15 ikifanya kazi saa 8 inakula wati-saa 120 tu. Tena haihitaji betri: unaiunganisha na paneli moja kwa moja, nayo inakwenda kwa nguvu jua linapokuwa kali na kulegea mawingu yanapotanda, yaani inafanya kazi zaidi katika saa zile zile ambazo kuku wanaihitaji. Usiku kuku wamelala na hawanywi, kwa hiyo kulipia betri ni kulipia kitu kisichotumika. Angalizo ni kwamba paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 18 hivi ikiwa kazini, na zaidi ya 20 isipokuwa na mzigo. Weka kidhibiti volti katikati, la sivyo pampu ya volti 12 itaungua ndani ya mwezi. Paneli yenyewe ielekee kaskazini ikiwa na mwinamo mdogo, nyuzi 10 hivi, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi 7 tu. Mwinamo huo unasaidia zaidi mvua ioshe vumbi kuliko unavyosaidia kupata jua.

Mfugaji wa Dodoma aliandika:

Ndugu zangu, mnajisumbua bure. Mtungi wa udongo uliofunikwa gunia bichi, ukiwekwa kivulini mahali penye upepo, unatoa maji ya baridi ya kuumiza meno, na hauli umeme. Ninautumia mwaka wa nne sasa.

Fundi wa Jua, Tabata aliandika:

Kwa Dodoma uko sahihi, mzee wangu, ila hewa ya kwetu haifanani na ya kwenu. Mtungi unapoza kwa maji yanayogeuka mvuke kwenye ukuta wake, na ubaridi huo unategemea ukavu wa hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35 inaruhusu maji yashuke hadi karibu nyuzi 19. Hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 60 haiwezi kuyashusha chini ya nyuzi 26 hata ufanyeje, na kwa uzoefu wangu mtungi huishia 27 au 28. Bado ni afadhali kuliko 39, na kwa mwenye kuku 15 wanaonywa kwenye sufuria ningemshauri hivyo hivyo. Kwa kuku 120 wanaonywa kwenye chuchu, nani atakuwa anajaza mitungi na kuisugua?

Afisa Mifugo Mstaafu aliandika:

Naomba nieleze kwa nini jambo hili ni zito, kwa maana nimeona mjadala umeelemea vifaa. Kuku hatoki jasho. Hupunguza joto kwa kutweta, na kila mililita 10 za maji zinazotoka kama mvuke kupitia njia yake ya hewa huondoka na kilojuli 24 za joto. Sasa linganisheni: joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi, na akinywa robo lita ya maji ya nyuzi 25, maji hayo yanafyonza kilojuli 17 tu, sawa na mililita 7 za kutweta. Ubaridi wa maji peke yake, basi, haumpozi kuku kwa kiasi kikubwa. Faida yake kubwa ni kwamba unamfanya aendelee kunywa, ili apate cha kutweta. Maji ya nyuzi 39 anayakataa, anaishiwa maji mwilini, anaacha kula, na mayai yanapungua.

Maganda laini yana sababu ya pili. Kuku anayetweta sana hupoteza hewa ya ukaa kutoka kwenye damu, na damu ikipungukiwa na hewa hiyo, kazi ya kutengeneza ganda inavurugika hata kama chokaa ipo ya kutosha kwenye chakula. Kwa hiyo msikimbilie kumwongezea chokaa kabla hamjamshushia joto. Feni, ambayo hakuna aliyeitetea hapa, ina nafasi yake: upepo unaopita juu ya kuku unampunguzia haja ya kutweta. Kama paneli ni moja tu ya wati 100, inatosha pampu ya wati 15 pamoja na feni ya wati 20 au 30, na mimi ningezifunga zote mbili.

Tahadhari moja. Siku ya kuchanja kwa njia ya maji, zimeni pampu. Chanjo ikiingia kwenye mzunguko inakwenda kuzimuliwa pipani, na dozi inayomfikia kila kuku inapungua. Toeni chanjo alfajiri, katika maji yasiyo na klorini, na yanyweke yote ndani ya saa mbili.

Dada wa Minnesota aliandika:

Mimi ndiye dada anayetajwa hapo juu, na sikucheka kwa ubaya. Nimesoma hesabu za fundi nikaona zangu zilivyo kinyume chake. Huku Januari maji yanaganda usiku na mchana, jua linaonekana kwa muda usiofika saa 10 kwa siku, nalo liko chini sana angani. Sahani ya kupasha maji ya wati 60 ikiwaka saa 24 inataka wati-saa 1,440, wakati paneli ya wati 100 katika mwezi huo ikinipa wati-saa 200 nakuwa nimebahatika. Tena betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo hata hifadhi yenyewe inahitaji kupashwa moto.

Nilichofanya ni kuacha kugeuza jua kuwa umeme ili niugeuze umeme kuwa joto. Nina beseni jeusi ndani ya tairi la gari lililojazwa povu la kuzuia baridi, limekaa nyuma ya dirisha la plastiki linalotazama kusini. Jioni ninalimwaga, kwa kuwa kuku hawanywi gizani, na asubuhi ninaleta maji ya uvuguvugu kutoka ndani. Siku za baridi kali bado ninachomeka sahani kwenye umeme wa kawaida, sina ujanja. Kwa hiyo, kaka, nakuonea wivu: shida yako inazidi jua linapokuwepo, yangu inazidi jua linapotoweka.

Mama wa Chanika aliandika:

Makubwa! Maji ya kuku kumwagwa jioni yasiwe jiwe. Mungu awape nguvu huko.

Mfugaji wa Goba aliandika:

Ninarudi baada ya wiki tano, kwa kuwa huwa sipendi watu wanaouliza kisha wakapotea.

Nilianza kwa ushauri wa Mama wa Chanika: makuti juu ya tanki na bomba likafukiwa. Kwa hatua hiyo pekee maji ya chuchu ya mwisho yalishuka kutoka nyuzi 39 hadi 33, na nakiri kwamba ningeweza kuishia hapo kama ningekuwa nyumbani mchana wa kufungua koki. Sipo, kwa hiyo nikaendelea na pampu. Nilifukia pipa la lita 200 hadi shingoni chini ya mwembe, likiwa na boya linaloruhusu maji kutoka tankini kujaza kilichonywewa. Pampu ya wati 15 inayapandisha maji hadi kwenye ndoo ya lita 20 iliyotundikwa bandani, yanashuka yenyewe kupitia bomba la chuchu, na yasiyonywewa yanarudi pipani kupitia mita 12 za bomba lililo chini ya udongo. Hizo mita 12 niliziongeza baadaye, kwani wiki ya kwanza udongo unaolizunguka pipa ulipata joto na maji yakafika nyuzi 31. Sasa hayazidi 29 saa nane mchana. Feni pia nimeifunga, na haina kelele ya kuwashtua kuku.

Trei hazijarudi tatu, ila zimefika mbili na nusu, na maganda yamekuwa magumu. Tatizo lililobaki ni utando wa kijani ndani ya bomba la kurudishia maji, kwenye kipande cha plastiki angavu nilichonunua Kariakoo kwa kuwa kilikuwa cha bei nafuu.

Fundi wa Jua, Tabata aliandika:

Mwanga ndio unaolisha utando huo. Kabadilishe kipande hicho uweke bomba lisilopenyeza mwanga, au kipake rangi tabaka mbili, nyeusi kwanza na nyeupe juu yake, kisha usafishe mzunguko wote kwa maji ya klorini kuku wakiwa wametengwa na bomba. Chujio la pampu lifungue kila Jumamosi.