Tupeane uzoefu: moli na gramu zilikutoa jasho wapi?

#1 (mleta mada)
Wakuu, nafundisha wanaoanza kemia, na mada ya moli (kipimo cha kuhesabia chembe za dutu, kama dazani inavyohesabu mayai) ndiyo inayonikimbizia wanafunzi. Kanuni yenyewe fupi: gramu ukigawanya kwa masi ya moli (gramu za moli moja ya dutu hiyo) unapata moli; moli ukizidisha kwa masi ya moli unapata gramu. Sasa watu huangukia wapi? Naanza mwenyewe. Nilipewa gramu 10 za sodiamu haidroksaidi, masi ya moli ni 40. Nikagawanya 40 kwa 10, nikaandika moli 4, na mstari chini nikapiga kwa rula. Mwalimu hakunikosoa, aliuliza tu: "Moli moja ina gramu 40, wewe unazo 10. Hizo moli nne umezitoa wapi?" Jibu ni 0.25. Tangu hapo, kabla sijashika kalkuleta, najiuliza kwanza: nilichonacho kinafika moli moja au hakifiki?

#2
Mimi kalkuleta ndiyo iliyoniponza. Maji (H₂O) gramu 9; masi ya moli yake ni 2 za hidrojeni na 16 za oksijeni. Nikabonyeza 9 ÷ 2 + 16, ikaja 20.5, nikanakili hivyohivyo. Kumbe imefanya nilichoiagiza: imegawanya kwa 2, kisha ikajumlisha 16. Siku hizi 18 naitafuta pembeni kwanza, ndipo nagawanya. 0.5.

#3
Oksijeni jamani. "Gramu 8 za gesi ya oksijeni." Kwenye jedwali la elementi nimeona 16, nikasema nusu moli. Lakini gesi hiyo ni O₂, atomu mbilimbili, kwa hiyo ni 32 na jibu ni 0.25. Nilibisha sana, maana nusu moli ni kweli ukihesabu atomu, na hapo ndipo nilipojificha.

#4
Mabano ya Ca(OH)₂. Ile 2 nilimpa H peke yake, kumbe ni ya O na H wote; nikapata 58. Ni 74. Sina la kuongeza.

#5
Nyie mmepoteza alama, mimi nimepoteza siku nzima ya maabara. Tulitakiwa kuandaa lita moja ya kopa salfeti yenye moli 0.1. Nikajumlisha CuSO₄, nikapata 159.6, nikapima gramu 15.96 kwa utulivu wote, nikipunguza chembe moja moja kwa ncha ya kijiko mpaka mizani ikatulia. Buluu yake ilipendeza! Tulipoipima nguvu, ikawa inatoa kama moli 0.064. Tukarudia. Ileile. Tukashuku mizani, tukashuku maji, mwenzangu akashuku macho yangu. Zile fuwele za buluu zina molekuli tano za maji ndani yake, kwa hiyo moli moja ni gramu 249.7, na nilitakiwa kupima 24.97. Zaidi ya theluthi moja ya nilichopima yalikuwa maji.

#6
Mimi nikiliona tu neno moli namwita Avogadro, yaani namba ya chembe zilizomo kwenye moli moja. Swali linataka gramu, nami nazidisha kwa 6.022 × 10²³. Niliwahi kupata chumvi ya mezani nzito kuliko Mlima Kilimanjaro, na bado nikakabidhi karatasi.

#7 (mleta mada)
#6 umeniua. #5, hebu niulize, chupa haikuwa na maandishi?

#8
Yalikuwepo mkuu. Nukta, halafu 5H₂O. Nilidhani ile nukta ni mwisho wa sentensi.