Je, amplifaya ya vali ya wati 75 inafaa sebuleni?

Mdau wa Santuri: Ndugu zangu, ninakusudia kununua McIntosh MC275, amplifaya ya vali (mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya sauti) iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1961, yenye wati 75 kila upande. Spika zangu hutoa desibeli 90 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Je, nguvu hiyo haijazidi mno kwa sebule ndogo?

Fundi Redio: Kwa usikilizaji wa kawaida utatumia wati chache tu, kwa kuwa spika zako hutoa desibeli 90 kwa wati moja tu. Lakini kila unapoongeza desibeli 3 nguvu inayohitajika huwa maradufu, hivyo wati zinazobaki ni akiba ya vishindo vya ghafla, kama vya ngoma. Kinachosumbua zaidi ni joto, maana vali 4 kubwa za KT88 hula takribani wati 40 kwa kupasha nyuzi zake tu, hata muziki ukiwa umezimwa. Feni utaihitaji wewe mwenyewe.

Mzee wa Kanda: Naongezea kwamba usiiwashe kabla ya kuunganisha spika, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Tena usiifungue ovyo. Kapasita huweza kuhifadhi umeme wa mamia ya volti hata plagi ikishachomolewa.

Mdau wa Santuri: Ahsanteni. Vali zikichoka, nibadilishe zote?

Fundi Redio: Zile KT88 badilisha kwa jozi zinazolingana; zile ndogo kwa kawaida hudumu zaidi.