Wamefuta sahihi yangu kwenye kava ya wimbo, halafu naambiwa "si ulilipwa?"

Wakuu, habari za saa hizi. Nimejizuia wiki tatu, leo limenishinda. Naomba mnisome mpaka chini kabla ya kuniambia ninyamaze.

Mimi ni mchoraji, nina miaka 24, naishi Tandika, Dar es Salaam. Nachora vibonzo, kava za nyimbo, chochote kinachotaka mkono. Miezi michache nyuma nilipewa kazi ya kava na msanii ambaye wengi wenu mnamsikiliza. Jina lake naliacha. Wimbo unamhusu mama muuza mihogo. Nikamchora amechuchumaa mbele ya karai, khanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Ile khanga ndiyo iliyonitoa jasho. Sikutaka kubandika kitambaa cha mtandaoni. Nilichora korosho moja moja, yaani yale maua yenye umbo la korosho, pindo lote, mpaka pale mikunjo inapolifuata goti, na maneno ya khanga nikayatunga mwenyewe. Usiku kumi na moja, kwenye tableti iliyopasuka kioo, umeme ukikatika nasubiri urudi. Chini kulia, pembeni ya karai, nikaandika jina langu. Herufi ndogo kiasi kwamba ukiweka kidole gumba hazionekani.

Hela walinilipa yote, laki moja na nusu kama tulivyokubaliana. Narudia: sidai hela.

Wimbo ukatoka. Kava ni ileile, jina langu halipo. Wala hawakukata picha kwa bahati mbaya. Kuna mtu alikaa, akachukua rangi ya vumbi la pembeni, akalipaka jina langu mpaka pakawa safi. Chini ya wimbo ametajwa mtayarishaji, mpiga picha, aliyempamba msanii, aliyemvalisha, hata mwenye gari waliloazima. Mchoraji hayumo. Nikampigia meneja. Akanijibu, "Mdogo wangu, sahihi inachafua picha. Halafu si ulilipwa?"

Jina la mtu aliyeichora picha ndilo linaloichafua!

Kilichonimaliza kilikuja baadaye. Nilikwenda kuomba kazi kwa watu wanaotoa vitabu vya watoto, nimebeba michoro yangu. Dada aliyenipokea akafunua, akafika kwenye kava ile, akaniinulia macho. "Hii si ya wimbo wa fulani? Umeitoa mtandaoni?" Nikamwambia nimechora mimi. Akauliza, jina lako liko wapi? Nikamwonyesha faili la asili kwenye simu, akasema siku hizi kuongeza jina kwenye picha ni jambo la dakika moja. Na sina cha kumlaumu, maana picha za akili bandia zimejaa kwenye kila bango mjini, yeye atajuaje? Nilitoka pale natetemeka. Kwenye daladala nikapitishwa kituo changu bila kujua.

Tumelizoea hili jambo, na ndiyo maana nina hasira. Mjomba wangu alikuwa na rundo la magazeti ya katuni ya Sani chini ya kitanda. Nilijifunza kuchora kwa kuiga humo, hata kusoma sijakomaa. Leo nikikaa na wachoraji wenzangu wanakutajia Wajapani wanaochora katuni wanazozipenda, mmoja mmoja, na kazi zake zote. Nikiwauliza nani alimchora Ndumilakuwili, nani alimchora Lodi Lofa, wananyamaza. Ni Philip Ndunguru. Alifariki akiwa bado kijana, wengine wakaendelea kuwachora wahusika wake, na mimi mwenyewe niliyekulia juu ya michoro ile nilikuja kulijua jina lake nikiwa na miaka 19. Kule Japani jina la mchoraji linachapwa kwenye jalada. Msomaji analiona kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, basi anakua nalo.

Angalieni khanga za mama zenu. Kuna zile zilizoandikwa pembeni "K.H.E. Mali ya Abdulla". Huyo ni mfanyabiashara wa Mombasa, na ni haki yake, nguo ni zake. Lakini aliyechora mji, ile sehemu ya katikati ya khanga, aliyepanga pindo, mnaweza kumtaja? Wanawake wa pwani nzima wamezaliwa, wameolewa na wamezikwa na michoro ya watu wasiojulikana.

Na nembo ya Taifa je? Mwaka 2017 mzee Francis Maige Kanyasu, tuliyemjua kwa jina la Ngosha, alikutwa Buguruni katika hali ya kusikitisha, akisema yeye ndiye aliyeichora. Alipelekwa Muhimbili, na mwaka huohuo akafariki. Wakajitokeza watu kusema mchoraji ni mwingine. Sijaja kuamua nani mkweli. Ninachouliza ni hiki: nembo iko kwenye pasipoti, iko kwenye noti, iko ukutani kila ofisi ya serikali, ilikuwaje tukafika mahali pa kubishana juu ya mgonjwa kitandani kwamba ni nani aliyeichora?

Edward Tingatinga alipaka rangi miaka michache tu, kuanzia 1968 hadi alipofariki 1972. Alitumia rangi za mafuta kwenye vipande vya ubao, na jina lake akaliandika palepale juu ya picha. Leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Hakuna meneja aliyemwambia linachafua.

Halafu msiniambie sheria hakuna. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake, hata kama ameshaiuza. Wanaofuta majina wanajua hivyo. Wanajua pia kwamba msichana wa Tandika hatamkodi wakili kwa ajili ya herufi zisizofika urefu wa punje ya mchele.

Tangu siku ile sisaini tena pembeni. Kazi ninayochora sasa ina khanga pia, na jina langu nimelifuma ndani ya korosho, kwenye mji, katikati ya kifua. Anayetaka kulifuta na aifute khanga yote, amwache mwanamke wa watu uchi kwenye kava yake.

Na wewe meneja, najua unapita humu. Faili lenye sahihi ninalo, kwa kipimo kilekile ulichonipa. Nakutumia hata usiku huu. Liweke badala ya lile mlilolifutia jina.