Kwa nini mgonjwa wa tiba ya mionzi huulizwa jina kila siku?

Mwana wa Masaka (swali): Ndugu zangu, ninamsindikiza mama katika tiba ya mionzi hapa Kampala. Kila asubuhi wahudumu, ambao sasa wanamfahamu vyema, humwuliza jina na kumlinganisha na picha iliyo kwenye faili, naye huona kwamba anadharauliwa. Isitoshe, jirani yetu aliyetibiwa kwa mashine hiyohiyo ya kobalti miaka miwili iliyopita anasema kuwa yeye hakulala chini yake muda mrefu hivyo. Je, pana kosa?

Muuguzi mstaafu: Pole kwa kuuguza. Katika nchi ambamo pacha wa pili wa kike huitwa Nakato, si ajabu akina Nakato wawili wakae benchi moja, na mzee asiyesikia vizuri ataitika jina lolote linalotajwa. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa alitamke mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa wazee wengi hawaijui, kwa hiyo picha husaidia sana.

Mwanafizikia wa tiba: Nguvu ya kobalti, yaani madini yanayotoa mionzi ndani ya mashine hiyo, hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, hivyo kipimo cha mionzi kilichohitaji dakika 2 wakati ule sasa kitahitaji kama dakika 2.6. Tena kina cha uvimbe hutofautiana, basi msilinganishe. Linalonitia hofu mimi ni hesabu yenyewe ya muda wa mionzi. Nchini Costa Rica mwaka 1996, baada ya chanzo cha kobalti kubadilishwa, dakika 0.3 za kupima nguvu yake zilichukuliwa kuwa sekunde 30, ilhali ni sekunde 18. Chanzo kikaonekana dhaifu kuliko kilivyokuwa, na wagonjwa 115 wakapewa mionzi kupita kiasi. Kwa sababu hiyo hesabu hufanywa na watu wawili, na wa pili hapaswi kuona jibu la mwenzake kabla hajapata lake. Una haki ya kuuliza kama hilo limefanyika.

Muuguzi mstaafu: Nimesahau jambo moja: alama za wino mwilini ndizo zinazoonyesha mahali pa kuelekeza mionzi. Zikififia, msizichore upya nyumbani, kwani hata kusogea kidogo tu kunaweza kuifanya mionzi ikose uvimbe.

Mwana wa Masaka: Asanteni sana. Ile ya ubavuni imeanza kufutika kwa jasho, na kalamu nilikwisha kuinunua jana. Kesho nitawaonyesha wahudumu kabla mama hajalala mezani.